Kwa nini Longstreet hayupo Stone Mountain

Waswahili wa Clarkston, Georgia, wengi wao wa kutoka Kongo na Burundi, wanaishi mwendo wa dakika chache kwa gari kutoka Stone Mountain, mlima wa jiwe tupu ambao ubavuni mwake wamechongwa wanaume watatu juu ya farasi. Mchongo una upana wa mita 58 na kimo cha mita 27. Wa kwanza ni Jefferson Davis, rais wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani mwaka 1860 na 1861. Wa pili ni Jenerali Robert E. Lee, na wa tatu Jenerali Stonewall Jackson. Kazi ilikamilika mwaka 1972, miaka 107 baada ya vita vyao dhidi ya Kaskazini kwisha. Na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa mtu wa Georgia.

Georgia ilikuwa na jenerali wake, James Longstreet. Alizaliwa South Carolina tarehe 8 Januari 1821, akakulia Georgia, akazeekea mji wa Gainesville, na kaburi lake liko huko tangu 1904. Katika jeshi la Lee yeye ndiye aliyeongoza kikosi kikuu cha kwanza, na kwa cheo alimfuata Lee mwenyewe. Hata hivyo mlimani hayupo. Gettysburg, uwanja wa vita wenye mawe na minara ya kumbukumbu zaidi ya 1,300, alikaa bila sanamu mpaka 1998. Hakunyimwa kwa sababu ya kushindwa, maana wote walishindwa. Alinyimwa kwa yale aliyoyafanya bunduki ziliponyamaza, na hapo ndipo watu wa huku wanapoachana nasi kabisa katika kuamua nani akumbukwe na nani asahauliwe.

Chuo cha kijeshi cha West Point alimaliza mwaka 1842 akiwa wa 54 katika darasa la wanafunzi 56. Huko alifanya urafiki na Ulysses Grant, aliyekuja kuwa jenerali mkuu wa Kaskazini, ambaye mwaka 1848 alimwoa Julia Dent, jamaa yake Longstreet. Urafiki huo ushikeni, utarudi. Katika vita vya Mexico, mwaka 1847, alipigwa risasi ya paja pale Chapultepec akiwa amebeba bendera, akamkabidhi ofisa mwenzake George Pickett. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilimkuta akiwa meja wa kulipa mishahara. Akaacha kazi, akajiunga na upande uliopigania kubaki na watumwa. Mwanzoni mwa mwaka 1862, watoto wake watatu walikufa Richmond kwa homa ndani ya juma moja.

Ubora wake ulionekana Fredericksburg, tarehe 13 Desemba 1862. Chini ya kilima cha Marye palikuwa na barabara iliyokuwa chini kuliko ardhi ya kandoni, na mbele yake ukuta wa mawe wa kufika kifuani. Longstreet aliwapanga watu wake nyuma ya ukuta kwa safu. Wa mbele walifyatua, wa nyuma wakashindilia na kupitisha bunduki. Bunduki ya zama zile ilijazwa kwa mdomo, na askari mzoefu alifyatua mara tatu kwa dakika. Kwa mpango huu ukuta haukunyamaza. Jeshi la Kaskazini lilileta brigedi moja baada ya nyingine kwenye uwanja mtupu, na hakuna askari wake aliyeugusa ukuta. Katika mapigano ya Fredericksburg Kaskazini ilipata hasara ya watu zaidi ya 12,000 kati ya waliokufa, waliojeruhiwa na waliopotea. Longstreet akashika somo moja na hakuliacha tena: chagua mahali pazuri, kaa, mwache adui aje.

Ndiyo maana Gettysburg, Julai 1863, aligombana na Lee. Alitaka jeshi lizunguke kushoto kwa adui, litafute kilima chake na kungoja. Lee akasema adui yuko pale, na pale pale atapigwa. Tarehe 2 mashambulizi ya Longstreet yalianza karibu saa kumi jioni. Sehemu kubwa ya uchelewaji huo ilitokana na askari kugeuka na kupita njia nyingine, wasionwe na kituo cha ishara kilichokuwa juu ya kilima cha Little Round Top.

Tarehe 3 ndiyo siku ya maafa. Mizinga kama 150 ilianza kupiga saa saba mchana. Moshi ukafunika shabaha, wapigaji wakapiga juu mno, na mabomu mengi yakaangukia nyuma ya mstari wa adui. Magari ya risasi za akiba yalikuwa yamerudishwa nyuma, basi mizinga ikaanza kukaukiwa. Henry Hunt, mkuu wa mizinga wa Kaskazini, akaamuru mizinga yake inyamaze ili kuhifadhi risasi na kumfanya adui adhani imevunjwa. Longstreet alipoambiwa risasi zimekaribia kwisha alitaka kusimamisha kila kitu azijaze upya, akajibiwa kwamba hata za kujazia hazitoshi. Pickett, sasa jenerali chini yake, alipomwuliza kama aongoze shambulio, aliinamisha kichwa tu, sauti haikutoka. Watu kama 12,500 walitembea zaidi ya kilomita moja ya mashamba, wakakwamia kwenye ua wa barabara ya Emmitsburg wakiwa tayari wamo ndani ya shabaha ya bunduki, na zaidi ya nusu yao wakauawa, wakajeruhiwa au wakatekwa.

Lakini asitazamwe kama mtu aliyekuwa sahihi siku zote. Novemba mwaka huohuo, akiwa kamanda peke yake huko Knoxville, Tennessee, alishambulia ngome ya Fort Sanders kwa makosa ambayo hata ofisa mdogo asingesamehewa. Maofisa walipima handaki kwa darubini kutoka mbali. Walimwona askari wa adui akilivuka kwa urahisi, hawakujua kwamba anapita juu ya ubao, wakaamua kwamba handaki ni fupi na ngazi hazihitajiki. Alfajiri ya tarehe 29 watu wao walijikwaa kwanza kwenye nyaya za telegrafu zilizofungwa kati ya visiki, kisha wakatumbukia kwenye handaki refu lenye kingo zilizoganda kwa baridi. Kupanda hawakuweza, kurudi ilikuwa kifo. Ndani ya dakika kama 20 walipoteza watu 813, upande wa pili 13.

Tarehe 6 Mei 1864, katika vichaka vya Wilderness, Virginia, alipeleka brigedi kupitia mkato wa reli ambayo haikumalizwa, akaupiga ubavu wa adui ukavunjika. Dakika chache baadaye askari wa upande wake mwenyewe walimfyatulia kwa kutomtambua. Risasi ilimpita shingoni na begani. Mkono wa kulia ukalemaa, akajifunza kuandika kwa wa kushoto. Alirudi kazini Oktoba, na tarehe 9 Aprili 1865 alikuwa pamoja na Lee huko Appomattox siku ya kusalimu amri mbele ya Grant.

Mpaka hapo Kusini haikuwa na neno naye. Mwaka 1867, akifanya biashara New Orleans, aliandika barua magazetini akisema sisi tumeshindwa, sheria mpya inayowapa watu weusi kura ndiyo sheria, tuifuate. Niseme wazi: barua zile hazikuandikwa kwa mapenzi ya Mwafrika. Alitaka wazungu wa Kusini waingie chama cha Republican ili wao ndio waongoze kura za watu weusi. Na wakati wa safari ya Gettysburg jeshi la Lee lilikamata watu weusi Pennsylvania likawapeleka Kusini utumwani. Ipo amri iliyotoka makao makuu ya Longstreet ikimwambia Pickett awalete waliokamatwa. Anayemsimulia Longstreet na kuacha hilo anadanganya.

Ila tangu hapo kila alichofanya kilimpeleka mbele zaidi. Mwaka 1869 Grant, sasa rais, alimpa kazi ya forodha katika bandari ya New Orleans. Baadaye akawa jenerali wa wanamgambo wa Louisiana, jeshi lenye askari weusi wengi waliokuwa watumwa miaka michache tu nyuma. Tarehe 14 Septemba 1874 maelfu ya wazungu wenye silaha wa kundi la White League walivamia mji kuipindua serikali ya jimbo. Longstreet alisimama Canal Street na polisi pamoja na wanamgambo wake, dhidi ya watu ambao wengi wao walikuwa askari wa Kusini kama yeye. Alipigwa risasi iliyokwisha nguvu, akatekwa, mstari ukavunjika. Mji ulikaa mikononi mwa waasi siku tatu mpaka Grant alipotuma jeshi.

Kisasi kilitumia kalamu. Lee alikuwa amekufa mwaka 1870, hawezi tena kuulizwa. Majenerali wenzake, Jubal Early na William Pendleton, wakaanza kuhutubia kwamba Gettysburg ilipotea kwa sababu Longstreet aliamriwa ashambulie alfajiri ya tarehe 2 naye akakaidi. Longstreet aliwaandikia maofisa waliokuwa kando ya Lee siku ile, nao wakajibu kwamba hawajui amri kama hiyo. Haikusaidia. Hadithi ya Early ndiyo iliyoingia vitabu vya shule Kusini, na sanamu zikafuata hadithi.

Sasa tuweke huku na nyumbani ubavu kwa ubavu. Mwaka 1873 soko la watumwa la Unguja lilifungwa, na mwaka huohuo pale Mkunazini likawekwa jiwe la msingi la kanisa kuu linalosimama mpaka leo. Mwaka mmoja baadaye askari weusi walipigana New Orleans wakilinda serikali iliyokubali kura zao, na mwaka 1891 mahali pale ukasimamishwa mnara wa kuwatukuza waliowashambulia. Mwaka 1932 wakauongezea maandishi yanayotaja utawala wa mzungu waziwazi. Mnara huo uliondolewa Aprili 2017. Dar es Salaam, sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeuzima upinzani wa Abushiri, ilisimamishwa 1909, na ilitoka mapema tu baada ya Waingereza kuuteka mji mwaka 1916. Mahali pake, tangu 1927, yupo Askari wa shaba tunayemjua sote.

Wengi wetu huku tukiyaona hayo tunasema nyumbani tuna akili zaidi. Kuhusu nani awekwe juu ya jiwe, nakubali. Kuhusu kumbukumbu zenyewe, sikubali. Yule Askari hana jina. Aliyeondoa sanamu ya Mjerumani alikuwa Mwingereza, hatukuwa sisi. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza wametuachia jina la Kariakoo, na kila siku tunanunua nyanya pale bila kujua hata mmoja wao aliitwa nani. Ukienda Mahiwa, kule Lindi, walikouana askari Waafrika wa pande zote mbili Oktoba 1917, huwezi kuonyeshwa kombania fulani ilisimama wapi saa kumi jioni. Gettysburg unaonyeshwa, kwa jiwe, kwa jina la kikosi, na idadi ya waliokufa. Chuki ya Early ilishindwa kwa sababu makaratasi yalikuwepo. Barua na ripoti zilitunzwa, na wanahistoria wakazirudia mpaka uongo ukaanguka. Huko kwetu mzee akishafariki na habari zake, hatuna pa kurudi.

Kwa aliye Georgia na anataka kuanza, usianzie Stone Mountain, ambako unalipia gari getini ili kuona mchongo usiokueleza chochote. Nenda Chickamauga, kama saa mbili kaskazini-magharibi, hakuna kiingilio. Longstreet aliletwa huko Septemba 1863 kwa treni mbovu, safari ya kuzunguka ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Virginia, na mizinga yake ilifika vita vikiwa vimekwisha. Simama kwenye kibanda cha Brotherton, kando ya barabara ya LaFayette, ukitazama magharibi. Asubuhi ya tarehe 20, amri iliyoandikwa kwa haraka iliitoa divisheni moja ya Kaskazini mstarini na kuacha pengo mahali hapo, dakika zilezile ambazo Longstreet alikuwa amepanga brigedi nane kwa kina, moja nyuma ya nyingine, kwenye miti iliyo nyuma yako. Sehemu kama theluthi ya jeshi la Kaskazini ilikimbia. Soma mabao ya chuma moja moja, yana majina na saa. Usomapo, kumbuka kwamba aliyepitisha askari hapo ndiye yule aliyesimama Canal Street miaka kumi na moja baadaye, na bao la chuma la siku ile halipo hapo.