Rupia badala ya dola: nani atakubali kuzishika?

Machi 2023 India ilitangaza kuwa benki za nchi 18, zikiwemo za Tanzania, Kenya na Uganda, zimeruhusiwa kufungua akaunti maalumu za rupia nchini humo, ili wafanyabiashara walipane bila kupitia dola. Pwani yetu si mgeni wa rupia. Zanzibar iliitumia hadi 1936.

Wanaoiunga mkono wana hoja nzito. Mwagizaji wa dawa Kariakoo ana shilingi, muuzaji wake wa Mumbai anataka rupia. Dola inaingia katikati, na kila pesa inapobadilishwa kuna anayekata chake. Mbaya zaidi, Marekani ilipopandisha riba kutoka karibu sifuri hadi zaidi ya asilimia 5 kati ya 2022 na 2023, dola ziliadimika kwetu, na Januari 2024 shilingi ya Kenya ikafika takriban 160 kwa dola. Mgonjwa anauziwa dawa ghali kwa uamuzi uliofanywa Washington kwa ajili ya mfumuko wa bei wa Marekani. Hilo si haki, na wanaotafuta njia nyingine wasibezwe.

Ila tutazame yaliyoikuta Urusi. Nchi za Magharibi zilipoizuilia akiba ya takriban dola bilioni 300 mwaka 2022, ilizidi kuiuzia India mafuta, na sehemu ya malipo ikaja kwa rupia. Mei 2023, akiwa Goa, India, Waziri wa Mambo ya Nje wa Urusi Sergei Lavrov alikiri kwamba wana mabilioni ya rupia katika benki za India, na kwamba ili wazitumie lazima kwanza zibadilishwe. Urusi haikununua vya kutosha kutoka India, na rupia haibadilishwi kwa uhuru kama dola. Walikuwa na pesa wasizoweza kuzitumia.

Kenya iko upande wa pili wa tatizo hilo. Inanunua India mara nyingi zaidi ya inavyouza, kwa hiyo rupia nyingi za kulipia ingelazimika kuzinunua, tena kwa dola zilezile.

Tanzania ina nafasi bora, kwani India inanunua mbaazi, korosho ghafi na dhahabu yetu. Lakini msafirishaji wa korosho wa Mtwara analipa nauli ya meli kwa dola. Kwa nini apokee rupia? Hata mafuta yaliyosafishwa India huuzwa kwa bei inayotajwa kwa dola.

Kwa maoni yangu, tuanze na mbaazi na korosho upande mmoja, dawa na pikipiki upande mwingine. Benki inayopokea rupia za msafirishaji imuuzie mwagizaji wa dawa, na imlipe msafirishaji shilingi siku hiyohiyo, kwa bei anayoijua kabla mzigo haujaondoka bandarini. Asipohakikishiwa hivyo, ataendelea kudai dola, na atakuwa na haki.