Wörgl haikuchapa utajiri, ilikusanya malimbikizo

Kila uchumi unapoyumba, jina la mji mmoja mdogo wa Tirol, huko Austria, hufufuka. Wörgl. Mwaka 1932, Mdororo Mkuu ukiwa umekaba koo za watu, halmashauri ya mji huo ilitoa noti zake yenyewe. Zikazunguka miezi 13 na nusu, kisha Benki Kuu ya Austria ikazipiga marufuku. Wanaoupenda mkasa huu husema ulikuwa muujiza, na wenye mabenki wakaunyonga. Wanaoubeza husema ni madiwani waliojichapia pesa na kukamatwa kabla hawajaleta balaa. Pande zote mbili zinazungumza kana kwamba pale hapakuwa na halmashauri yenye daftari, keshia na watu waliodaiwa kodi. Mimi naona daftari ndilo lililosahauliwa, nalo ndilo lenye habari.

Meya alikuwa Michael Unterguggenberger, mtu wa reli na wa chama cha Social Democrats. Mji wake ulikuwa na watu zaidi kidogo ya 4,000, na kwa hesabu inayotajwa siku zote, 400 kati yao hawakuwa na kazi. Halmashauri ilikuwa na deni kubwa kwenye benki ya akiba ya Innsbruck. Na wenyeji nao waliidai? La, wao ndio waliodaiwa: malimbikizo ya kodi yalifika shilingi 118,000. (Shilingi ya Austria na yetu zinashirikiana jina tu, ile ilikuja katikati ya miaka ya 1920.)

Aliyewahi kukaa kwenye kikao cha madiwani anaijua namba ya aina hiyo. Husomwa kila robo mwaka, mwenyekiti huguna, mtu hupendekeza wadaiwa sugu wapelekwe mahakamani, kisha ajenda inaendelea. Wörgl ilikuwa na ajenda za kawaida kabisa: barabara yenye madimbwi, mitaro, taa za mtaani, daraja. Kazi zilikuwepo, mikono ya kuzifanya ilikuwepo, na deni ambalo lingetosha kuzilipia lilikuwepo pia, ila limelala ndani ya daftari. Mwenye duka halipi kodi kwa sababu wateja hawana kitu. Wateja hawana kitu kwa sababu hakuna anayewaajiri. Halmashauri haiajiri kwa sababu mwenye duka halipi kodi.

Dawa waliyoitoa, iliyotokana na mawazo ya Silvio Gesell, Mjerumani aliyetaka pesa ipungue thamani ikikaa bila kutumika, ilipitishwa Julai 1932 na mwisho wa mwezi huohuo noti za kwanza zikatoka. Zilikuwa za shilingi 1, 5 na 10. Jambo ambalo wabezaji hulipita haraka ni hili: halmashauri haikuzitoa hewani. Kwa kila noti iliyotoka, shilingi halisi ya Austria iliwekwa dhamana katika benki ya ushirika ya Raiffeisen ya pale pale mjini. Aliyezichoka aliweza kuzibadilisha kwa shilingi halisi, akakatwa asilimia 2. Na noti ilikuwa na nafasi za kubandika stempu, moja kwa kila mwezi, yenye thamani ya asilimia 1 ya noti. Noti ya shilingi 10 ilihitaji stempu ya senti 10. Usipoibandika, noti haipokelewi kwa thamani yake. Pesa za stempu zilikwenda kwenye mfuko wa kuwasaidia maskini.

Ifikirie noti hiyo mkononi mwa mchinjaji wa nyama tarehe 30 ya mwezi. Amekusanya, tuseme, shilingi 200 kutoka kwa wafanyakazi wa barabara waliolipwa wiki ile. Akilala nazo, kesho ananunua stempu za shilingi 2. Akizipeleka Raiffeisen, anakatwa shilingi 4. Akimlipa mfugaji aliyemkopesha ng'ombe, hakatwi kitu. Na akivuka mtaa mpaka kaunta ya halmashauri akalipa kodi ya mwaka juzi, hakatwi kitu vilevile, na jina lake linafutwa kwenye orodha ya wadaiwa. Unadhani atakwenda wapi? Alikwenda alikokwenda kila mtu. Husimuliwa kwamba siku ya tatu karani alimkimbilia meya kwa hofu: noti za shilingi 1,000 zimetolewa, na kodi iliyokwisha kupokelewa kwa noti hizo ni shilingi 5,100, hakika kuna mtu anazighushi! Hakuna aliyezighushi. Ni zilezile zilizokuwa zinaingia kwa keshia, zinatoka mlango wa nyuma kama mishahara na malipo, zinarudi tena mlango wa mbele.

Hapo ndipo penye siri yote, na si kubwa kama inavyopambwa. Halmashauri iliwafanya wadaiwa wake watake kulipa. Mtozaji yeyote wa ushuru nchini kwetu, aliyewahi kufukuzana na wafanyabiashara kwa kufuli na mnyororo, ataelewa uzito wa sentensi hiyo.

Sasa tuje kwenye namba ambayo wapenzi wa Wörgl huitembeza kama hirizi: 463. Husemwa kwamba wastani wa noti zilizokuwa mikononi mwa watu ulikuwa shilingi 5,490 tu, na kwamba zilizunguka mara 463, hivyo zikazaa shughuli za zaidi ya shilingi milioni 2.5. Nimeisoma mara nyingi mno na kila mara inanikera, kwa hiyo nivumilieni.

Kutoka tarehe 31 Julai 1932 mpaka tarehe 15 Septemba 1933 ni siku 411. Mara 463 kwa siku 411 maana yake kila noti ilibadilisha mikono zaidi ya mara moja kwa siku, kila siku, Jumapili zikiwemo, Krismasi ikiwemo, katika majira ya baridi ya milimani. Noti ngapi zililala chini ya godoro? Ngapi zilikaa kwenye droo ya duka toka Jumatatu hadi Ijumaa? Kwa kila iliyolala wiki nzima, nyingine ilibidi ikimbie mara 15 au 16 wiki hiyo ili wastani usishuke. Halafu, nani alihesabu? Mchinjaji akimlipa mfugaji, hakuna daftari linaloandika. Pahali ambapo noti zingeweza kuhesabiwa ni pawili, kwa keshia wa halmashauri na kwenye dirisha la Raiffeisen. Namba inayodai kujua yaliyotokea sokoni, jikoni na kilabuni haiwezi kuwa hesabu. Ni makisio ya mtu, na aliyekisia alikuwa anaipenda noti yake.

Ajabu ni kwamba utetezi wa Wörgl hauihitaji 463 hata kidogo. Chukua ile 5,490 peke yake. Ni kama shilingi 1 na theluthi kwa kila mkazi. Kwa kiasi hicho kidogo ikalipwa mishahara ya kazi zilizoutengeneza mji: barabara kuu ikawekwa lami, mitaro ikachimbwa, taa zikawaka, daraja la zege likajengwa, hata jukwaa la kurukia kwa ski. Inatajwa pia kwamba wasio na kazi walipungua kwa robo, wakati nchi nzima idadi ilikuwa inapanda. Robo ya 400 ni watu 100. Asilimia 25 ina sauti ya mapinduzi. Watu 100 wenye sepetu na toroli wana sauti ya halmashauri ndogo iliyofanya kazi yake vizuri. Mimi nachagua ile ya pili, na siioni kuwa ndogo. Watu 100 ni nyumba 100.

Upande wa pili una hoja, na hoja zake si za kijinga. Austria ya 1932 ilikuwa mtoto aliyeungua mara mbili. Miaka kumi kabla, mfumuko wa bei ulikuwa umeila krone, pesa ya Austria ya wakati huo, mpaka ilipoletwa shilingi, krone 10,000 zilibadilishwa kwa shilingi moja. Mzee aliyeweka akiba ya uzeeni alibaki na karatasi. Kisha Mei 1931 Credit-Anstalt, benki kubwa kuliko zote nchini, ikaanguka na kutikisa Ulaya nzima. Katika nchi kama hiyo, mtu wa benki kuu anayesikia kwamba kuna mji umejitolea noti hasikii habari ya taa na mitaro. Anasikia mlango ukifunguliwa. Sheria ilimpa yeye peke yake haki ya kutoa noti, na sheria hiyo iliandikwa kwa wino wa machungu.

Zaidi ya hapo, Wörgl haikubaki peke yake. Kijiji jirani cha Kirchbichl kilijiunga, na kufikia katikati ya 1933 zaidi ya manispaa mia moja zilitaka kuiga. Dhamana ya Wörgl ilikaguliwa na watu wanaojuana kwa majina. Nani angekagua dhamana ya manispaa mia? Ingetosha tatu tu kati yake kuwa na mweka hazina mwenye mkono mrefu, watu wakakimbilia kubadilisha noti zao siku moja na kukuta sanduku tupu, na miji yote iliyobaki ingelipia aibu hiyo, Wörgl ikiwa ya kwanza.

Na yuko mfanyakazi mwenyewe. Reli na posta hazikuzipokea noti zile. Uliyechimba mtaro wiki nzima ukataka kumtembelea mama yako mgonjwa Innsbruck, treni haikukujua. Ulibidi kwanza ukubali kukatwa asilimia 2. Sheria za nchi nyingi zinazokataza kumlipa mtu mshahara kwa vocha za duka la mwajiri hazikutungwa bure. Najua Wörgl haikuwa duka la mwajiri, maana noti ilipokelewa karibu kila mahali mjini. Lakini mstari kati ya hayo mawili ni mwembamba kuliko wapenzi wa Wörgl wanavyokiri.

Kuna na hoja moja ambayo benki yenyewe ingeweza kuishika kwa nguvu zaidi. Watu walilipa malimbikizo, vizuri. Halafu wengine wakalipa kodi kabla ya siku zake, ili wasikutwe na noti mwisho wa mwezi. Hilo husimuliwa kwa tabasamu. Mweka hazina hatabasamu. Kodi ya mwakani ikilipwa leo na kutumika leo, mwakani hailipwi tena. Malimbikizo ni kisima, kina mwisho. Yakiisha, ile foleni kwenye kaunta inafupika na noti zinabaki madukani zikitafuta pa kwenda. Je, Wörgl ingefanyaje mwaka wa tatu? Marufuku ya Septemba 1933 ilikuja kabla swali hilo halijafika mezani. Kwa sifa ya meya, ilikuja wakati mzuri. Kwa sisi tunaotaka kujua, ilikuja wakati mbaya kuliko wote.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaosema benki kuu ilijitetea tu. Manispaa ilikata rufaa, na mahakama ya utawala huko Vienna ikaikataa Novemba 1933. Kisheria sioni walipokosea. Lakini kulikuwa na njia kati ya kuruhusu manispaa mia kwa mkupuo na kuinyima hata moja. Kiasi chenyewe kilikuwa shilingi 5,490! Hazina ya nchi isingetikiswa na fedha za kununulia ng'ombe kadhaa. Ungeweza kuweka kikomo cha noti kwa kila mkazi, ukadai dhamana yote iwe benki, ukazuia miji mingine kwa miaka miwili, ukangoja uone kisima kinakaukaje. Badala yake nchi ambayo haikuwa na dawa nyingine ilivunja chupa iliyokuwa bado inapimwa.

Sisi wa pwani tuna mfano wa karibu. Mwaka 2013, katika mtaa wa Bangladesh, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walianza kutumia vocha zilizoitwa Bangla-Pesa, za kubadilishana bidhaa na huduma shilingi zinapokosekana mfukoni. Haukupita mwezi, watu sita wakakamatwa, na mashtaka yalihusu kughushi. Miezi michache baadaye yakafutwa. Ukiweka kando tofauti zote, na ziko nyingi, mkono uliogonga mlango ni uleule: mtu wa sheria ya fedha anaona karatasi yenye namba, haulizi nyuma yake kuna nini.

Unterguggenberger alifariki 1936. Kipindi chote noti zake zilipozunguka, kwa kadiri ya ushahidi tulio nao, hakuna mwenye noti aliyekwenda Raiffeisen akaambiwa hakuna pesa. Hilo Vienna ingeweza kulithibitisha kwa siku moja. Ingemtuma karani mmoja apande treni, apige hodi kwenye benki ile ya mji mdogo, afungue sanduku, ahesabu shilingi za dhamana, kisha avuke mtaa ahesabu noti. Ila tiketi ya kurudi angelazimika kuilipia kwa shilingi za kwao.