Vinasaba vya okidi: tupime sasa au tulinde miti kwanza?

Okidi ya chui, Ansellia africana, huota juu ya miti ya misitu mikavu. Maua yake ya njano yenye madoa ya kahawia ndiyo yanayoiponza, maana hung'olewa ikauzwe. Miti inayoibeba nayo hukatwa kwa mkaa, na jiji la Dodoma, lililozidi kukua tangu Serikali ianze kuhamia mwaka 2016, bado linapikia mkaa. Kwa hali hiyo, kuna haja gani ya kugharamia usomaji wa vinasaba vyake? Swali hilo ni halali.

Wanaoutetea wana hoja nzito. Mashina kumi yaliyoshonana juu ya mti yanaweza kuwa mmea mmoja tu, na anayehesabu kwa macho atadhani ana okidi kumi. Mikrosateliti, yaani vipande vya DNA ambavyo herufi zake hujirudia kwa idadi inayotofautiana kati ya mmea na mmea, humaliza ubishi huo. Huonyesha pia kama mimea iliyobaki imeanza kuzaana ndugu kwa ndugu. Kule Nyanda za Juu Kusini, viazi vya okidi nyingine, zinazoota ardhini, huchimbwa na kuvushwa kwenda Zambia kutengenezwa chikanda, chakula kinachofanana na keki. Watafiti wamesoma DNA na kutambua spishi hata ndani ya chikanda iliyokwisha kupikwa. Mkataba wa CITES unadhibiti biashara ya kimataifa ya okidi zote, lakini mkaguzi wa mpakani atazuiaje asichokitambua?

Hata hivyo, mikrosateliti nyingi ziko kwenye sehemu za DNA zisizoamua mmea utastahimili vipi ukame. Kundi linaweza kuonekana halina tofauti nyingi, kumbe ndilo lililozoea kiangazi chetu cha Mei hadi Novemba. Tena mbegu ya okidi haioti porini bila kuvu wake, na vinasaba vya okidi havituambii kuvu huyo yuko wapi.

Kwangu, kukusanya kusingoje. Jani dogo lililokaushwa kwa jeli ya silika, yaani chembe zinazofyonza unyevu, hutunza DNA kwa miaka bila jokofu. Lichukuliwe sasa, na mahali lilipotoka paandikwe. Maabara ingoje swali linalobeba uamuzi, kwa mfano kabla ya kuhamisha okidi za Itigi kwenda kupandwa Mpwapwa. Hapo nitaitetea gharama yake. Utafiti ambao hakuna ofisa misitu anayengojea majibu yake, fedha zake ziende kwa kamati za maliasili za vijiji, zilinde miti iliyosimama.