Mbege haitaki chupa

Binamu yangu anayeishi New York alinitumia picha kwa simu mwezi uliopita: banda la mbao, mbele yake shamba la shayiri, nyuma yake kinjia kinachoingia msituni. Akafuatisha ujumbe wa sauti, dakika nne nzima. Kumbe huko watu wanakwenda shambani, wanatembea porini saa mbili, kisha wanarudi kunywa bia iliyopikwa palepale. Akanieleza hata sheria yao ya mwaka 2012: ukitaka leseni ya kupika bia ya shambani, lazima sehemu ya shayiri na hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) itoke ndani ya jimbo hilohilo. Walianza na asilimia 20. Alivyosimulia ungedhani amevumbua moto.

Nikamjibu kwa swali moja tu: wewe Marangu umewahi kufika?

Hajafika huko mteremkoni mwa Kilimanjaro. Na mimi nisijitie ujuaji, nimefika mara moja, Agosti iliyopita, baada ya kupita Himo ndani ya basi la Arusha miaka ishirini bila kushuka. Aliyenishusha ni mwenzangu wa kazini, mzaliwa wa huko, aliyechoka kunisikia nikisema mbege, pombe ya ndizi na ulezi ya Wachaga, ni uji uliochacha.

Kutoka Marangu Mtoni ungeweza kupanda bodaboda mpaka mlangoni kwao. Yeye akakataa. Tukashika kinjia cha miguu, upana wake mtu mmoja na mzigo wake, kina mama wakishuka na matita ya majani ya ng'ombe kichwani, nasi tunajibana pembeni kwenye masale kuwapisha. Isale ndiyo mpaka wa shamba huko, na jani lake hilohilo ndilo unalompelekea mtu ukitaka akusamehe. Nikajiuliza ni mpaka gani mwingine nchini unaoweza kuuchuma ukaombea radhi. Kandokando ya njia maji ya mfongo, mfereji wa kumwagilia mashamba, yalikuwa yanakimbia, baridi ya kuuma vidole, yakielekezwa huku na kule kwa jiwe na tonge la udongo. Kila tuliyekutana naye alisimama kusalimia. “Shimbonyi,” nami najibu kwa Kiswahili mpaka watoto wakacheka.

Kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga, hukijui kwa kusimuliwa. Juu kabisa miruka na miringaringa inatandaza kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa ilikuwa imeanza kuwiva nyekundu, chini ya kahawa magimbi. Ng'ombe wawili zizini, hawatoki, wanaletewa. Samadi yao inarudi kwenye migomba. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, lilikitambua kilimo hiki mwaka 2011, kwa vihamba vya Shimbwe Juu, kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Sisi tunaopita chini kwenye lami tunaona “miti miti tu”.

Mama wa rafiki yangu tulimkuta uani, mikono imelowa mpaka viwiko. Shikamoo mama. “Marahaba mwanangu, karibu, mmekuja siku yenyewe.” Siku yenyewe maana yake siku ya kuchanganya. Mimi nilidhani pombe inapikwa asubuhi ikanywewa jioni. Kazi ile ilikuwa imeanza wiki mbili nyuma: ndizi zimekatwa zikiwa mbichi, zikapandishwa darini juu ya meko ziwive kwa joto na moshi, kisha zikachemshwa kutwa nzima kwenye pipa mpaka rangi ikawa ya matofali. Zikaachwa siku kadhaa mpaka zikachacha zenyewe. Siku ile alikuwa anazikoroga na maji na kukamua, machicha yanakwenda ndoo ya pembeni kwa ajili ya ng'ombe, maji yake mekundu mazito yanabaki.

Upande wa pili kulikuwa na sufuria ya uji wa kimea cha ulezi, umepikwa na kuachwa upoe. Ulezi ndio roho ya kitu chenyewe, na hata jina mbege kwa Kichaga ni ulezi. Lakini ulezi hautoki kwake, ananunua sokoni. Nikamwambia mama kwa utani kwamba New York wangempima asilimia zake. Hakucheka. Akasema, “Waje wapime ndizi.”

Kisha msesewe. Ni gamba la mti unaopenda kuota kandokando ya maji, limekaushwa juani na kusagwa. Nilipewa chembe nionje. Uchungu ule ulikaa ulimini mpaka saa ya chakula cha jioni. Hapo ndipo nilipoelewa kazi yake: ndizi ni utamu mtupu, bila gamba lile ungekuwa unakunywa sharubati.

Tulirudi kesho yake saa tisa. Mama akachota kwa kata, akapiga funda moja mbele yetu, akatema pembeni (ameokoka, hanywi, na amesomesha wanne kwa pipa lile), ndipo akanikabidhi. Juu yake zinaelea pumba za ulezi. Usizipigie kelele, unazipuliza taratibu upande wa pili wa kata kisha unavuta kutoka upande wako. Mwenye masharubu anachuja bila kutaka. Ladha? Ukakasi kidogo, utamu unaokuja nyuma, halafu ule uchungu wa gamba unafunga mlango. Ni nzito, inashibisha. Nilikuwa nimekosea miaka yote, nililoonjeshwa mjini lilikuwa la siku ya nne ndani ya dumu lililowahi kubeba mafuta ya kula.

Na hapa ndipo nilipo na ugomvi na marafiki zangu wa mambo ya biashara. Nikisimulia haya, wa kwanza kusema anasema: ifungashwe! Iwekwe kwenye chupa, nembo ya mlima, iuzwe Dar, iuzwe Dubai. Jamani. Arusha inapikwa mvinyo wa ndizi wa chupa, ninaunywa, hauna ubaya, ila ni kinywaji kingine. Mbege haijamaliza kuiva unapoinywa. Leo ni tamu, kesho imekolea, keshokutwa ni kali. Ukiiziba ingali inachacha, chupa itakupasukia. Ukiichemsha uizimishe, umeshaiua. Hiki si kinywaji cha kumfuata mtu alipo.

Kinachopaswa kusogea ni sisi. Lakini namna tunavyosogezwa nayo ina kasoro. Siku ya tatu tulijiunga na msafara wa wageni, kwa kiingilio ambacho sitaki mke wangu akijue. Tukatembezwa kwenye maporomoko, tukasimuliwa hadithi ya msichana Makinuka wa Kinukamori kwa haraka ya mtu aliyeisema mara elfu, tukatwanga kahawa kwa wimbo, halafu tukapewa mbege kwenye vikombe vya plastiki vya kusukutulia dawa. Ya jana, imepoa, imechachuka. Mzungu aliyekuwa mbele yangu aliinusa, akapiga picha, akaimwaga kwenye mgomba. Simlaumu. Aliyeipika hakuwepo, ndoo ilinunuliwa kwake asubuhi kwa bei ya ndoo.

Ningepata nafasi ya kupanga, ningefanya mambo machache ya kawaida sana. Mgeni aende siku ile pipa linapofunguka, si siku ile basi linapofika. Akae kwenye benchi la yule aliyepika, amlipe mkononi. Choo kiwe safi. Kata zioshwe kwa maji ya moto. Basi.

Kuna atakayeniuliza kuhusu ulevi, na ana haki. Nilipita kilabuni saa nne asubuhi nikakuta vijana watano wameshasinzia, umri wa kuchuma kahawa. Sitasema mbege haileweshi. Nitasema tu kwamba pipa la mama linamtaka angoje ndizi ziwive, siku kumi na zaidi, na likiisha limeisha mpaka mkungu mwingine. Viroba, zile pombe kali za pakiti, havikuwa na subira hiyo. Serikali ilivipiga marufuku Machi 2017 na sikumsikia mtu akililia urithi. Pombe inayongoja mgomba na pombe inayongoja duka lifunguliwe, mimi siziweki kapu moja, ingawa mama mwenyewe aliniambia anaziweka.

Binamu anakuja Desemba, msimu ambao Wachaga wote wanapanda kwao na nauli ya Moshi inapanda nao. Nimempigia mama wa rafiki yangu kuuliza pipa litakuwa tayari lini. Akasema hajui, ndizi bado ziko mgombani. Nimpigie tena zikishapanda darini.