Histamini: sumu ya jodari ambayo pua haiioni

Mnunuzi mzoefu wa pwani hahitaji cheti. Anafunua mashavu aone kama bado ni mekundu, anabonyeza mnofu, anatazama macho, ananusa. Kwa samaki wengi ujuzi huo unatosha. Kwa jodari, sehewa na vibua hautoshi.

Samaki hao wana histidini, mojawapo ya vijenzi vya protini, nyingi mwilini. Wakikaa kwenye joto, bakteria kama Morganella morganii huigeuza kuwa histamini, na samaki anaweza kuwa nayo tele huku bado anavutia machoni. Mlaji huwashwa mwili, uso hugeuka mwekundu, kichwa humuuma, moyo humwenda mbio, halafu anaambiwa ana mzio wa samaki. Moto hausaidii. Umkaange, umpike kwa nazi au umtie kwenye kopo, histamini iko palepale.

Ndiyo maana wanaotetea maabara wana hoja nzito. Mtaalamu husaga mnofu, huutia asidi ili histamini itoke, huchuja, kisha hupitisha maji yake kwenye mashine ya HPLC inayotenganisha kemikali moja moja. Jibu huja kwa miligramu kwa kilo, na hapo hakuna tena ubishi wa pua ya nani ni kali. Umoja wa Ulaya hutaka sampuli 9 kwa shehena: wastani usizidi 100, zisizidi mbili zilizo kati ya 100 na 200, na isiwepo hata moja iliyovuka 200. Wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, walikubaliana mwaka 2012 kwamba miligramu 50 kwa mlo mmoja hazimdhuru mtu mwenye afya. Kwa anayekula gramu 250, hiyo ni 200 kwa kilo.

Hata hivyo, hesabu hiyo inafaa shehena ya kiwanda kuliko mnada wa ufukweni. Mnadani, jodari wawili waliolala bega kwa bega wametoka vyombo tofauti; mmoja alitiwa barafu baharini, mwenzake alishinda juani. Hata ndani ya samaki mmoja histamini haikai sawa, kipande cha karibu na tumbo kinaweza kuwa nayo nyingi kuliko cha mkiani. Sampuli 9 za nini hapo? Na jibu likifika, samaki ameshaliwa.

Wapo wanaohitimisha kwamba basi tununue barafu, maabara tuwaachie wauza nje. Sikubaliani nao. Kimeng'enya cha kugeuza histidini ambacho bakteria wamekwisha kukitengeneza huendelea na kazi polepole hata kwenye baridi, kwa hiyo barafu ya kuchelewa humpa samaki sura nzuri tu. Bila kupima, nani atajua ilichelewa?

Kwa maoni yangu, maabara ipime safari kabla ya kupima samaki. Ichukue sampuli chomboni, mnadani na kwa mchuuzi, saa kwa saa, hasa miezi ya joto, hadi ionekane histamini inaanzia wapi. Vipimo vya haraka vya vijiti vitumike mnadani, navyo vihakikiwe kwa HPLC mara kwa mara. Fedha zikitosha kwa jambo moja tu, ziende kwenye barafu inayopakiwa kabla chombo hakijatoka, kwa sababu saa za kwanza baada ya samaki kufa ndizo zinazoamua, na mlaji wa Tanga au Lamu ana haki ya saa hizo sawa na mlaji wa Ulaya.