Msamaha wa Waamishi na kifo cha Barbara Weaver

Asubuhi ya Juni 2, 2009, katika nyumba moja ya Waamishi, Wakristo wa Marekani wanaoishi kizamani na kusafiri kwa vigari vya farasi, huko Apple Creek, jimbo la Ohio, watoto waliamka wakamkuta mama yao kitandani, haamki. Barbara Weaver alikuwa na umri wa miaka 30 na watoto watano. Alikuwa amepigwa risasi kifuani akiwa usingizini. Mumewe, Eli, alikuwa ameondoka kabla hakujapambazuka kwenda Ziwa Erie kuvua samaki na wenzake, kwa hiyo alikuwa na mashahidi wa kutosha kwamba saa ile hakuwa nyumbani.

Haukupita muda mrefu wapelelezi wakamtia mbaroni yeye pamoja na Barbara Raber, mwanamke wa miaka 39 ambaye kazi yake ilikuwa kuwabeba Waamishi kwa gari lake. Waamishi hawamiliki magari, lakini hawakatazwi kupanda, na kazi ya kuwaendesha ni biashara ya kawaida katika maeneo yao. Eli na Raber walikuwa wapenzi. Eli alikuwa na simu ya mkononi aliyokuwa akiificha, na ndani ya mawasiliano yao mlikuwa na mamia ya meseji, nyingine zikijadili namna ya kumwondoa mkewe duniani, sumu ikiwamo. Eli alikiri kushiriki, akatoa ushahidi dhidi ya Raber, akahukumiwa miaka 15 hadi kifungo cha maisha. Raber alikana shtaka, akapatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia, akapewa miaka 23 hadi kifungo cha maisha.

Tangu hapo kisa hiki kimeandikiwa kitabu na kurudiwa kwenye televisheni, na kila kinaporudiwa watu hugawanyika pande mbili. Mimi nimekifuatilia kwa muda, na nimejikuta nikihama kutoka upande mmoja kwenda mwingine zaidi ya mara moja.

Upande wa kwanza unasema habari hizi hazipaswi kuuzwa. Hoja yao ina uzito kuliko inavyoonekana mwanzoni. Waamishi hawapendi kupigwa picha, hawaendi kwenye televisheni kujieleza, na kwa mafundisho yao hawakimbilii mahakamani kumshtaki mtu aliyewaandika vibaya. Kwa hiyo mtu yeyote anaweza kusema lolote juu yao na asijibiwe. Tena mauaji ndani ya jamii hii ni machache mno. Waamishi sasa ni takriban laki nne Marekani, wengi wao Pennsylvania, Ohio na Indiana, na kesi za aina hii utazihesabu kwa vidole. Lakini kwa kuwa ni chache, kila moja hukuzwa mpaka ikawa ndiyo sura ya watu wote. Kinachouza ni kofia nyeupe ya kitambaa na kigari cha farasi. Mke aliyeuawa na mume mzinzi katika mtaa wa kawaida wa Cleveland asingepata hata nusu ya kurasa hizo.

Hilo nalikubali. Jalada lenye mwanamke wa Kiamishi akitazama pembeni, na tone la damu chini yake, linamtendea marehemu kama kitu cha maonyesho. Watoto wale watano sasa ni watu wazima, au wanakaribia kuwa.

Upande wa pili unasema lazima kisa kisimuliwe, na kisimuliwe chote, kwa sababu bila hivyo tusingejua kilichotokea kabla ya risasi. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Eli Weaver alikuwa ameihama familia na kanisa mara mbili, akaishi nje kama watu wengine, kisha akarudi. Kila aliporudi alikiri mbele ya kanisa. Kwa Waamishi, aliyekosa hupiga magoti mbele ya washirika, hukiri, na akishapokelewa, jambo lile limezikwa. Halitakiwi kufukuliwa, hata na mkewe. Talaka haimo katika taratibu zao. Kwa hiyo Barbara alisamehe, kwa maana ya kwamba alimfungulia mlango mtu ambaye alikuwa bado na simu mfukoni.

Wasomaji wengi wakifika hapo huukasirikia msamaha wenyewe. Wanasema dini ilimfunga mikono. Nami nilikuwa hivyo, mpaka nikaanza kufikiria upya kisa kingine ambacho watu wengi wanakijua zaidi.

Oktoba 2, 2006, mwanamume ambaye si Mwamishi aliingia katika shule ndogo ya chumba kimoja huko Nickel Mines, kaunti ya Lancaster, Pennsylvania. Aliwatoa wavulana, akawabakiza wasichana, akawapiga risasi wasichana kumi. Watano walikufa. Kisha akajiua. Siku ileile Waamishi walikwenda kwa familia ya muuaji kuwapa pole na kuwaambia wamesamehe. Walipokwenda kumzika, Waamishi kadhaa walisimama makaburini pamoja na mjane wake. Sehemu ya fedha za msaada zilizotumwa kwao waliigawa kwa familia hiyo. Siku kumi baada ya mauaji shule ilibomolewa, na mahali pale pakaachwa pawe malisho.

Dunia nzima iliwavulia kofia, na walistahili. Sasa weka visa viwili hivi bega kwa bega. Nickel Mines, aliyekosa alikuwa amekwisha kufa. Kumsamehe kulikuwa na maumivu yasiyoelezeka kwa wazazi wale, lakini hakukumrudisha darasani. Apple Creek, aliyesamehewa alirudi kula meza moja na aliyesamehe, akalala kitanda kimoja naye. Neno ni lilelile, na mafundisho ni yaleyale, ila gharama zake haziko sawa. Kule msamaha ulitolewa na jamii nzima, na uzito wake ukabebwa na jamii nzima. Huku kanisa ndilo lililosamehe, na mwanamke mmoja ndiye aliyeachiwa kuishi na matokeo yake, usiku, mlango ukiwa umefungwa.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema msamaha wa Waamishi ndio uliomuua Barbara, wala na wanaosema haukuhusika. Wanawake wenye polisi, wanasheria na haki ya talaka nao huuawa na waume zao kila mwaka, Ohio na kwingineko. Aliyetaka Barbara afe ni Eli. Na hapa kuna jambo ambalo wanaolaumu kanisa peke yake hulipita haraka: Eli alikuwa ameshawaambia watu zaidi ya mmoja kwamba anataka mtu wa kumuulia mke, na waliomsikia hawakuwa Waamishi tu. Walidhani anatania. Hakuna aliyekwenda polisi, na hakuna aliyekwenda kumnong'oneza Barbara. Kanuni za kanisa, ambazo wao huziita Ordnung, hazikuwazuia watu wa nje kufungua mdomo.

Wapo pia wanaosema simu ndiyo iliyomharibu, kwamba angebaki na taa ya mafuta na farasi wake yasingetokea haya. Hoja hii ina mvuto, hasa kwa sisi tunaoona simu zinavyovuruga nyumba. Lakini simu hiyohiyo ndiyo iliyotunza maneno yao. Bila meseji zile, Eli alikuwa na safari yake ya uvuvi na wenzake wa kumshuhudia, basi.

Ubishi mkali kuliko wote, hata hivyo, ni wa adhabu. Aliyepanga kapata miaka 15 kama kima cha chini, aliyetumwa kapata 23. Wengi hawalimezi hili, na sidhani wanakosea kuumia. Upande wa mashtaka ulihitaji ushahidi wa Eli ili kumfikia Raber, na katika mahakama za Marekani anayewahi kufanya makubaliano hupata nafuu. Ni kweli kwamba mwisho wa adhabu zote mbili ni maisha, na Bodi ya Parole ndiyo itakayoamua nani atoke na lini. Lakini ukimtazama mwanamke aliyekwenda na bunduki, na ukamtazama mwanamume aliyeacha nyumba yake ikimsubiri, unaona kuna kitu mizani ile haikukipima. Nasema hivi bila kumwonea huruma Raber. Alikuwa mama pia, naye alijua kwamba nyumba ile ina watoto.

Kuna kesi ya zamani zaidi ambayo hutajwa pamoja na hii, ya Edward Gingerich wa kaunti ya Crawford, Pennsylvania, aliyemuua mkewe mwaka 1993 akiwa na ugonjwa mkubwa wa akili. Alikuwa amelazwa hospitali, akapewa dawa, akaziacha, akapelekwa kwa mtaalamu wa tiba za asili aliyemtibu kwa molasi na kumkanda mwili. Msomaji wetu hahitaji kuelezwa sana familia inavyoyumba kati ya wodi na mganga. Jopo la mahakama lilimwona ana hatia ya kuua bila kukusudia lakini mgonjwa wa akili, akatoka gerezani mwaka 1998. Naitaja kwa sababu watu huziunganisha kesi hizi mbili kana kwamba zinathibitisha kitu kimoja kuhusu Waamishi. Ile ilikuwa ya mtu aliyepotewa na akili. Hii ilikuwa ya mtu aliyepanga na kuhesabu siku.

Narudi kwa wale wa upande wa kwanza, kwa kuwa hoja yao ndiyo inayonisumbua zaidi. Wanasema Waamishi hawataki kusemwa, tuwaache na msiba wao. Lakini Barbara hakunyamaza. Katika miaka ile ya Eli kuondoka na kurudi alitafuta mshauri nasaha, akawa anamwandikia barua. Humo alieleza kwa mkono wake jinsi mume aliyemjua alivyobadilika, na jinsi anavyojihisi hatakiwi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alitafuta mtu wa kumsikia, na alimpata mmoja. Sisi wengine tumezijua barua hizo baada ya kuzikwa kwake.