Ndege ya 1978 kwa bei ya Land Cruiser

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia picha ya ndege ndogo, Cessna 172 ya mwaka 1978, inauzwa dola 85,000. Nyeupe yenye mistari ya kahawia, viti vimeshonwa upya, kioo cha mbele hakina mkwaruzo. Chini ya picha aliandika: "Bei ya Land Cruiser hii. Nisinunue kwa nini?" Ana leseni ya rubani binafsi, anarukia uwanja wa Wilson, Nairobi, na amechoka kungoja zamu kwenye ndege za kukodi. Swali lake linastahili kujibiwa kwa hesabu, na hesabu yenyewe ndiyo hii.

Wanaopinga ndege kuukuu humaliza mjadala kwa maneno matatu: rahisi huvunja upishi. Sikubaliani nao, angalau si haraka hivyo. Ndege hizi hazikuzeeka kwa sababu wenyewe ni wabahili. Cessna waliacha kutengeneza ndege zao ndogo za injini ya pistoni mwaka 1986, baada ya kesi za fidia kule Marekani kupandisha gharama kupita kiasi. Ilibidi ipite sheria ya 1994, iliyomkinga mtengenezaji asishtakiwe kwa ndege iliyozidi miaka 18, ndipo 172 mpya zikaanza kutoka tena mwaka 1996, kwenye kiwanda cha Independence, Kansas. Hapo katikati kuna miaka kumi mitupu. Ndiyo maana kwenye viwanja vidogo ni jambo la kawaida kuona ndege iliyomzidi umri rubani wake.

Tena, ndege hiyo ya 1978 ina utetezi mzito. Zimetengenezwa 172 zaidi ya 44,000, idadi ambayo hakuna ndege nyingine iliyoifikia, kwa hiyo vipuri vipo na mafundi wanaoijua wapo. Mpya leo inazidi dola 400,000. Tofauti ya bei hapo ni zaidi ya dola 315,000, na kama fedha hizo ni za mkopo wa riba ya asilimia 8, riba peke yake ni kama dola 25,000 kila mwaka, kabla hujawasha injini. Na hiyo mpya haikufikishi Mombasa mapema kiasi cha kukufanya ujivunie. Zote mbili ni ndege za mwendo wa noti (maili za baharini kwa saa) mia na kumi, mia na ishirini hivi. Ile ya zamani pia imekwisha kushuka bei. Ukiitunza utaiuza kwa fedha isiyo mbali na uliyonunulia. Kwa upande huu rafiki yangu yuko sahihi kabisa.

Tatizo linaanza pale anapodhani kwamba gharama za ndege zinahesabiwa kwa saa za kuruka, kama kilomita za gari. Nyingi zinahesabiwa kwa kalenda.

Tupige hesabu kwa makadirio yangu, na kila mmoja abadilishe kulingana na mahali alipo. Maegesho au hanga dola 2,500 kwa mwaka. Bima 2,500. Ukaguzi mkubwa wa mwaka 4,000, ikiwa hakuna kibaya kitakachoonekana. Vyeti, ada na matengenezo ya redio 1,000. Jumla ni dola 10,000, na zinalipwa hata kama ndege haijatoka bandani mwaka mzima. Petroli ya ndege, ile ya rangi ya buluu, tuiweke dola 2 kwa lita. Injini inakunywa kama lita 32 kwa saa, yaani dola 64.

Sasa injini. Lycoming, watengenezaji wake, wameiwekea injini ya aina hii saa 2,000 kabla ya kufunguliwa yote na kufanyiwa ovahoo. Ukikadiria kazi hiyo dola 40,000, unatakiwa kuweka akiba ya dola 20 kwa kila saa. Hapo wengi huacha kusoma. Lakini maelekezo yale yale ya Lycoming yanasema injini isiyofikisha saa hizo ifunguliwe ikitimiza miaka 12. Rafiki yangu anatarajia kuruka saa 50 kwa mwaka. Miaka 12 ikiisha atakuwa ametumia saa 600 na kuacha 1,400 zikiozea ndani ya chuma. Dola 40,000 ukizigawa kwa saa 600 ni karibu dola 67 kwa saa, si 20. Ongeza zile 10,000 zilizogawanywa kwa saa 50, yaani dola 200, na mafuta dola 64. Jumla ni dola 331 kwa saa, na bado hajapasuka tairi wala kufa redio.

Ndege hiyo hiyo ikiruka saa 200 kwa mwaka, hesabu inageuka. Gharama za kudumu zinakuwa dola 50 kwa saa, injini inarudi kwenye 20, mafuta yako pale pale. Hata nikiongeza dola 15 kwa saa kwa ajili ya ukaguzi wa mara kwa mara ambao mwendo huo unadai, napata dola 149. Chini ya nusu.

Kuna anayeniambia miaka 12 ni pendekezo tu. Ni kweli kwamba kwa ndege binafsi kule Marekani sheria haimlazimishi mwenyewe kuifuata. Kwingine mamlaka ni kali zaidi, na hilo liulizwe kabla fedha haijatoka. Lakini pendekezo lile lina sababu ya chuma. Kwenye injini hizi za Lycoming kemshafti, ile fimbo inayofungua valvu, imekaa juu ya krenkshafti, ile inayozungushwa na pistoni. Injini ikizimwa, oili inachuruzika kwenda chini na kemshafti inabaki na utando mwembamba tu. Wiki zikipita utando unaisha, unyevu unashika, kutu inachoma vitobo vidogo usoni pa chuma. Siku ndege inaporuka tena, vitobo vile vinasagwa. Ndege ya 1978 ina jambo la ziada: 172 za 1977 hadi 1980 zilifungwa injini ya O-320-H2AD, yenye historia ya matatizo hasa ya kemshafti, hata mtengenezaji akaifanyia marekebisho na kuelekeza iwekewe dawa maalumu kwenye oili. Injini hiyo ikirushwa kila wiki hudumu vizuri. Ikilazwa, inaadhibu.

Niliwahi kusimama karakanani mhandisi akikata filta ya oili ya ndege iliyokaa muda mrefu. Alitoa ile karatasi iliyokunjwa kama feni, akaikamua kwenye jiriwa, akaikunjua juani juu ya benchi. Akapitisha sumaku. Kwenye ncha ya sumaku zilisimama nyuzi nyeusi za chuma, nyembamba kama ndevu za panya. Hakusema lolote kwa muda. Mwenye ndege alikuwa amesimama kando na funguo mkononi, siku hiyo alipanga kwenda Nanyuki. Injini ilikuwa imebakiza zaidi ya saa elfu moja kwenye kitabu cha kumbukumbu zake.

Bodi la ndege lenyewe nalo linahesabiwa. Tarehe 26 Mei 2019, karibu na Mount Isa, Australia, Cessna 210 ya mwaka 1976 iliyokuwa ikifanya upimaji wa ardhi ilikatika bawa angani. Watu wawili walifariki. Ufa ulianzia kwenye kitobo kidogo cha kutu katika mhimili unaobeba mabawa. Wapinzani wa ndege kuukuu huutaja mkasa huu, na wana haki. Lakini nao wakumbuke Daytona Beach, Florida, Aprili 2018: Piper ya chuo cha urubani, iliyotengenezwa 2007 tu, ilikatika bawa vilevile na kuua wawili. Ilikuwa imerushwa saa zaidi ya 7,000 katika miaka 11 ya mafunzo. Kwa hiyo umri kwa miaka peke yake hautoshi kuhukumu. Cha kuuliza ni ndege ilifanya kazi gani, wapi, na nani aliichungulia ndani.

Na kwetu "wapi" ina uzito. Ndege iliyolala miaka Malindi, Ukunda au Zanzibar imekula chumvi. Kutu ya aluminiamu haina wekundu. Ni unga mweupe unaotoka kwenye viungo na kuzunguka ribiti, na rangi mpya huufunika vizuri sana. Cessna wenyewe wametoa mpango wa ukaguzi wa ziada kwa ndege hizi zilizozeeka, unaotaka sehemu zifunguliwe ambazo ukaguzi wa kawaida hauzigusi. Australia wameufanya wa lazima. Siku utakapofanyiwa ndege yako kwa mara ya kwanza, ndiyo siku utakayojua ulinunua nini.

Kuna pia madini ya risasi yaliyomo kwenye petroli ya ndege. Kwenye magari ya Afrika kusini mwa Sahara petroli yenye risasi ilikoma mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake hapa hapa Nairobi, lilitangaza kwamba imekwisha kwenye magari duniani kote. Ndege ndogo zimebaki nayo. Marekani imejiwekea lengo la kuiondoa kufikia mwisho wa 2030, na mafuta mbadala yameanza kuidhinishwa huko. Sidhani 172 itaachwa bila mafuta, maana ni nyingi mno. Anayepaswa kujiuliza ni yule aliye mwisho wa njia ya usambazaji, anayenunua kwa bei ya mafuta yaliyovuka bahari.

Basi, anunue au asinunue? Akiwa peke yake, kwa saa zake 50, namshauri aendelee kukodi. Atangoja zamu, ataruka ndege yenye kiti kilichochanika, lakini bei ya saa anaijua kabla ya kupanda, na filta ikitoka na chuma si simu yake itakayolia. Anachokosa ni uhuru wa kuamka Jumamosi na kuondoka, na siudharau; watu wengi hununua kwa ajili ya asubuhi hiyo moja.

Wakiwa wanne, kila mmoja na saa zake 50, jibu langu ni tofauti: nunueni, na nunueni kuukuu. Ubia una maudhi yake. Wote watataka Desemba. Mmoja atatua vibaya kwenye uwanja wa murram, kokoto ichome panga boi, kisha ubishi uanze nani alipe. Mmoja atahamia Dubai na kutaka fedha yake kesho. Yote haya yaandikwe kwenye mkataba mbele ya wakili kabla ya kununua, pamoja na kiasi ambacho kila mwezi kila mtu anaweka kwenye akaunti ya injini, arushe asirushe. Nimeona urafiki ukifa kwa kukosa karatasi hiyo. Hata hivyo ubia unafanya jambo ambalo mmiliki mmoja mwenye shughuli zake hawezi: ndege inaruka kila wiki, na oili inapanda hadi kwenye kemshafti.

Rafiki yangu alikwenda kukagua kitabu cha ile nyeupe yenye mistari ya kahawia. Katika miaka sita iliyopita ilikuwa imeruka saa 11. Ameiacha. Sasa yeye na wenzake watatu wanaangalia nyingine ya 1981, rangi imebabuka kwenye mkia, ina saa 4,000 zaidi kwenye bodi, ila imefundishia wanafunzi mfululizo na haijapitisha wiki mbili chini. Mhandisi anakata filta yake Jumamosi.